Kulinda makulia ya samaki: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa kijiji cha wavuvi

Viongozi wapya wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo wengi wetu tunaviita BMU, huuliza maswali yaleyale kila mwaka: tupande mikoko mingapi, tufunge bahari kwa miezi mingapi, na nani atalipia mafuta ya boti ya doria. Swali ambalo ni nadra kulisikia ni lile linalopaswa kutangulia yote hayo, nalo ni kwamba samaki wachanga tunaotaka kuwaokoa wanakaa wapi hasa, na nani anawavua kwa sasa.

Tenganisha kwanza maneno mawili ambayo kwenye mikutano hutajwa kwa pumzi moja. Mazalia ni mahali ambapo samaki wakubwa hukutana na kutaga, na mara nyingi huwa kwenye milango ya miamba na kingo za kina kirefu. Makulia ni mahali ambapo samaki wachanga, wakishaletwa na maji, hujificha na kula mpaka watoshe kutoka nje: kwenye nyasi bahari, kati ya mizizi ya mikoko, na katika vijito vya maji ya chumvi. Tafi na changu wachanga hukaa kwenye nyasi. Kamba wa delta ya Rufiji huzaliwa baharini, huingia vijitoni wakiwa wadogo mno, hukua humo kwa miezi kadhaa, kisha hutoka tena. Mvuvi wa mashua anayetega nje ya mwamba anavuna kile kilichonusurika kwenye maji ya magotini, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kuvua huko.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kuangalia zaidi Tanzania Bara. Msomaji wa Kenya au Zanzibar atabadilisha majina ya ofisi na sheria, lakini kazi ya majini haibadiliki.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Muhtasari wa kikao cha serikali ya kijiji unaoonyesha kwamba kazi hii imekubaliwa, pamoja na taarifa kwa afisa uvuvi wa eneo lenu.
- Simu moja inayoweza kuonyesha majira ya mahali ulipo (namba za GPS) hata pasipo mtandao.
- Kamba ya mita 50 iliyopigwa fundo kila baada ya mita 5.
- Fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50, iliyotengenezwa kwa bomba la plastiki la maji. Toboa matundu ili maji yaingie na fremu izame.
- Ubao wa kupimia samaki uliobandikwa rula ya sentimita.
- Daftari na penseli. Wino ukilowa hufutika.
- Jedwali la maji kupwa na maji kujaa la mwaka mzima.
- Viatu vya kufunga, kwa sababu ya miiba na taa wanaojifukia mchangani.

Fedha sikuziorodhesha kwa makusudi. Hatua nne za mwanzo hazihitaji mfadhili, na kijiji kinachosubiri mfadhili ndipo kianze kuuliza samaki wake wako wapi kitasubiri sana.

Hatua ya 1. Waulize waliozoea maji madogo

Kosa la kwanza hufanyika hapa. Kamati huwaita manahodha na wenye mashua, kwa kuwa ndio wenye sauti kijijini, nao hueleza kwa ufasaha habari za miamba ya nje. Makulia wanayajua zaidi wanawake wanaotanda dagaa na uduvi, wanaochokoa pweza maji yakipwa, watega dema (mitego ya kusuka) wa ndani, na watoto wanaoshinda ufukweni. Kaa na kila kundi peke yake, maana mbele ya manahodha wengine watanyamaza.

Uliza mambo matatu tu: wadogo wa kila aina wanaonekana wapi, miezi gani, na wana ukubwa gani. Kwa ukubwa, tumia kidole, kiganja na mkono badala ya sentimita. Ukiambiwa kwamba kwenye mlango wa kijito fulani tafi wa urefu wa kidole huonekana wengi kila mwaka msimu uleule, weka alama. Mahali panapotajwa na makundi mawili yasiyokaa pamoja pana uzito kuliko mahali palipotajwa na mzee mmoja mashuhuri.

Hatua ya 2. Tembea eneo lote wakati wa bamvua

Bamvua ni siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, kwa hiyo chagua siku zinazofuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Katika sehemu kubwa ya mwambao wetu maji ya bamvua hupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, kwa hiyo utakuwa na mwanga wa kutosha. Anza kushuka maji yangali yanatoka, na urudi kabla hayajageuka.

Kwenye nyasi bahari, laza kamba ya mita 50 kutoka upande wa nchi kavu kuelekea majini. Weka fremu kwenye mwanzo wa kamba na katika kila fundo, ukadirie ni sehemu gani ya fremu imefunikwa na majani, kisha uandike. Rudia kwa kamba ya pili na ya tatu, kila moja ikiwa mita 25 kutoka kwa nyingine. Utapata vipimo 33, na kazi yote huisha kwa maji kupwa ya siku moja. Usichanganye nyasi bahari na mwani: nyasi zina mizizi iliyoshika mchanga na mashina yanayotambaa chini yake, na zikishang'olewa huchukua muda mrefu kurudi, hasa zile ndefu zenye shina gumu kama kijiti.

Kwenye mikoko, fuata vijito badala ya kuhesabu miti. Andika kijito kipi bado kinapitisha maji, kipi kimezibwa na tuta, barabara, shamba la chumvi au magogo yaliyoachwa, na wapi miche ya asili inaota yenyewe. Taarifa hii ya mwisho itakuokolea fedha nyingi utakapofika hatua ya 9.

Hatua ya 3. Pima samaki wanaofika dikoni

Kwa mwaka mmoja, ili uguse misimu yote miwili ya pepo, kusi na kaskazi, nenda dikoni, mahali samaki wanaposhushwa, siku mbili za bamvua na siku mbili za maji mafu (yasiyojaa wala kupwa sana) katika kila mwezi. Kila unapokwenda, pima samaki 30 wa kila aina muhimu kutoka kwa kila aina ya zana: juya (wavu wa kukokota), jarife (wavu wa kutega), dema, mshipi, chandarua. Andika aina, urefu, zana na mahali walipovuliwa, lakini jina la mvuvi usiliandike. Wavuvi wakishaona majina yao daftarini, watashushia samaki mahali pengine na takwimu zako zitakuwa za uongo.

Hakuna haja ya kusubiri mwaka uishe ndipo uendelee. Miezi mitatu inatosha kuonyesha zana ipi inaleta wachanga na kutoka wapi. Miezi iliyobaki ni ya kupata msingi wa kulinganishia baadaye, na bila msingi huo hutaweza kumjibu yeyote atakayesema kwamba ulinzi wenu haujasaidia kitu.

Hatua ya 4. Chagua eneo dogo linaloungana

Weka ramani ya maneno ya watu, ramani ya vipimo na takwimu za dikoni juu ya meza moja. Tafuta mahali ambapo kijito cha mikoko, nyasi bahari na mwamba viko karibu kiasi kwamba samaki anaweza kuhama kutoka kimoja hadi kingine kadiri anavyokua. Nyasi nzuri zilizo mbele ya kijito kilichozibwa zina thamani ndogo kuliko nyasi za wastani zilizo mbele ya kijito hai.

Kuhusu ukubwa, anza na eneo ambalo mtu aliyesimama ufukweni anaweza kuliona lote kwa macho. Kule Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi, wanajamii walitenga hekta 30 hivi mwaka 2005, na eneo hilo limekuwa darasa la vijiji vingi. Wengi huanza kwa kuchora mstari mkubwa ramanini ili wapendeze ofisini, kisha wanakuta hawana boti wala watu wa kuufikia mwisho wake.

Hatua ya 5. Kaa na watakaopoteza

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kama kazi itadumu. Ukilinda makulia, gharama ya mwanzo hailipwi na mwenye mashua. Inalipwa na mama anayetanda mita 100 kutoka nyumbani kwake, ambaye kitoweo cha leo na fedha za daftari za mtoto hutoka humo. Faida, ikija, itamfikia kwanza mwenye jarife kule nje. Usipoisema tofauti hii waziwazi mkutanoni, mama huyo ataisema kwa vitendo, usiku.

Jadilini zana moja moja badala ya kutangaza kwamba eneo limefungwa. Chandarua na juya la kukokota viondoke kabisa. Sheria tayari inavikataza, Kenya ilipiga marufuku juya la ufukweni tangu 2001, na vyote viwili hukomba kila kilichopo bila kuchagua, juya likiburuta hata majani yenyewe. Nanga nayo iondoke, kwa kuwa kila inapovutwa hung'oa nyasi. Mshipi unaweza kubaki kwa wazee wanaovua kwa mguu. Kuokota kombe kunaweza kuendelea pasipo kuchimba. Kisha amueni pamoja ni nini watapewa waliopoteza: nafasi za kwanza katika doria yenye posho, mtaji wa kununulia samaki kutoka kwa wenye mashua, au sehemu ya ushuru wa diko. Andikeni kiasi na tarehe. Kijiji kimoja nilichokitembelea kiliahidi "miradi mbadala" bila kusema ni ipi wala lini, na miezi sita baadaye vyandarua vilikuwa vimerudi majini.

Tahadhari kwa wanaotaka kufanya mashamba ya mwani kuwa mbadala: kilimo hicho, kilichoanza kushika Zanzibar mwaka 1989 pale Paje na Jambiani, kimewapa wanawake wengi kipato, lakini baadhi ya wakulima husafisha nyasi kabla ya kupigilia mambo (vigingi). Elekezeni mambo yapigiliwe kwenye mchanga mtupu, vinginevyo mtakuwa mmemhamisha mharibifu mmoja na kumleta mwingine.

Hatua ya 6. Pitisha sheria ndogo

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya 2003 inavitambua vikundi vya BMU, na Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 1982 inaiwezesha halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, ambazo hujadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sheria isiyoidhinishwa haina meno mahakamani, hata ikiwa kijiji kizima kiliinua mikono. Kenya kazi hupitia BMU na serikali ya kaunti, na Zanzibar kupitia kamati ya uvuvi ya shehia.

Andikeni mipaka kwa majira ya ramani na pia kwa alama ambazo mvuvi anazijua: mwamba, mkondo, mbuyu, mnara wa msikiti. Andikeni zana zilizokatazwa kwa majina yake ya hapo kijijini, kwa sababu mshtakiwa anaweza kujitetea kwamba kitu alichokuwa nacho hakikutajwa. Kumbukeni kwamba mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu ya serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kupanda, kukata au kuzibua kijito kunahitaji makubaliano yao.

Hatua ya 7. Weka alama zinazoonekana

Maboya ya madumu ya lita 20 yaliyopakwa rangi kali yanatosha kuanzia. Yafunge kwenye vizito vya zege vilivyowekwa juu ya mchanga, si juu ya nyasi, na acha kamba yenye urefu unaozidi kina cha maji ya bamvua yakijaa. Kila pembe iwe na boya, pamoja na kila mahali vyombo vinapopita. Kamba za maboya hukatika kusi likivuma, kwa hiyo tengeni akiba ya maboya mawili kila msimu.

Hatua ya 8. Panga doria kwa kufuata maji

Wanaoiba hawafuati saa za ofisi, wanafuata bamvua. Doria ya kila siku saa mbili asubuhi inachosha watu na haikamati mtu. Pangeni zamu nyingi katika siku za bamvua, mchana na usiku, na chache wakati wa maji mafu. Walinzi wawe wawili wawili, na wasitoke katika familia moja.

Walinzi wa BMU wasibebe silaha, wasipige mtu, wala wasichome zana. Zana iliyochomwa ufukweni imekwisha kama ushahidi. Andikeni saa, mahali, zana na samaki waliokutwa, pigeni picha, kisha mwiteni afisa uvuvi au polisi.

Hatua ya 9. Mikoko, na iwe mwisho

Najua ndiyo hatua iliyowafanya wengi mfungue mwongozo huu. Kupanda miche ni kazi nzuri ya picha, na ndiyo sababu wageni huipenda, lakini msitu uliosimama unalea samaki leo, wakati mche utaanza kuwafaa baada ya miaka. Ghuba ya Gazi, kusini mwa Kenya, ilikatwa sana katika miaka ya 1970. Kazi ya kuirejesha ilianza mwaka 1991 na bado inaendelea. Mradi wa Mikoko Pamoja ulioanzishwa hapo mwaka 2013 na vijiji vya Gazi na Makongeni unasimamia hekta 117, na sehemu kubwa ya hekta hizo ni msitu wa asili uliolindwa, si miche iliyopandwa.

Anzeni kwa kuzibua maji. Palipozibwa na tuta au magogo, fungueni, kisha msubiri mwaka mmoja. Mara nyingi mbegu huletwa na maji yenyewe na kuota bila gharama. Hapo ambapo hazikuja, pandeni kwa utaratibu ufuatao.

Tambueni kwanza aina iliyokuwapo. Kwa kawaida mlilana husimama mbele kabisa upande wa bahari, mkoko wenyewe, aina yenye jina sawa na la msitu wote, hufuata kando ya vijito, kisha muia na mkandaa, na mchu hustahimili sehemu kavu za nyuma, ingawa huonekana pia mbele. Kosa kubwa kuliko yote ni kupanda mkoko kwenye tope tupu la mbele au juu ya nyasi bahari kwa sababu mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota. Miche hiyo hufa, na makulia ya nyasi huharibiwa kwa kukanyagwa.

Pimeni kimo cha ardhi. Chukueni mpira wa maji ambao mafundi waashi hutumia kusawazisha msingi, mlinganishe mahali mnapotaka kupanda na mahali ambapo mti wa aina hiyo umeota wenyewe karibu. Mkikuta pa kwenu pako chini zaidi, msipande.

Kwa mkoko, chagueni mbegu zilizokomaa, ambazo shingo yake imegeuka njano na hudondoka mti ukitikiswa kidogo. Zenye vitundu vya wadudu tupeni. Zihifadhini kivulini zikiwa na unyevu, na mzipande ndani ya siku chache. Chomekeni ncha iliyochongoka chini, theluthi moja ya urefu iingie topeni, mita moja hadi moja na nusu kati ya mche na mche. Acheni vijito wazi. Visipitiwe na mistari ya miche hata kidogo, maana samaki wanaingia kwa njia hiyo.

Hatua ya 10. Pima tena

Rudia hatua ya 2 mara mbili kwa mwaka, mahali palepale na katika miezi ileile, na endelea na vipimo vya dikoni. Bandika matokeo mahali samaki wanapouzwa, kwa mchoro ambao asiyesoma ataelewa: mistari ya urefu halisi wa tafi wa mwaka jana na wa mwaka huu inatosha.

Pale mambo yanapokwama

*Wanachama wanataka tufungue eneo kwa siku chache, kama wanavyofanya wa pweza.* Ufungaji wa muda, ambao Andavadoaka kule Madagascar waliujaribu mwaka 2004 na vijiji vingi vya kwetu vikaufuata, unafaa kwa pweza kwa sababu pweza hukua upesi mno, hata miezi mitatu hubadili uzito wake. Makulia hayafanyi kazi hivyo. Bamvua moja ya juya humaliza wachanga wa msimu mzima na nyasi zao. Wenye hamu ya kuvuna watengewe mwamba wa pweza mahali pengine, wenye kalenda yake.

*Miezi sita imepita na samaki hawajaongezeka.* Angalia kwanza kama umepima kusi na kulinganisha na kaskazi. Ikiwa umelinganisha msimu kwa msimu, tazama wachanga ndani ya eneo badala ya wakubwa dikoni; wao ndio huonekana mwanzo. Wakubwa watachukua mwaka na zaidi, kulingana na aina.

*Wavamizi wanatoka kijiji jirani.* Sheria ndogo ya kijiji chenu haikutungwa pamoja nao. Waombeni BMU yao mkutane, mpendekeze eneo la pamoja la usimamizi ambalo kila kijiji kina zamu za doria, na muwe tayari kufungua sehemu ya mpaka inayowaumiza bila sababu.

*Miche inakufa.* Ikifa yote kwa pamoja, tatizo ni kimo au maji. Usipande tena mpaka uipime ardhi upya. Ikifa mmoja mmoja na kuonekana imetafunwa, ni kaa, na miche mikubwa iliyolelewa kitaluni kwa miezi kadhaa itastahimili zaidi. Ikifunikwa na tope baada ya mvua kubwa, chanzo kiko juu mtoni, na barua inapaswa kwenda kwenye ofisi inayosimamia bonde hilo.

*Nyasi zinapungua ingawa hakuna anayevua.* Tembea upya na utafute mistari. Mistari iliyonyooka ni alama za nanga au pangaboi, na boya la kufungia vyombo litaiondoa. Mabaka ya mviringo yaliyojaa viumbe wa miiba yanaonyesha kwamba walaji wa nyasi wameongezeka kupita kiasi, jambo lililowahi kutokea kwenye mwambao wa Diani, kusini mwa Kenya. Hapo kagua daftari la dikoni uone kama kikande, samaki ambaye huwala viumbe hao, anavuliwa kwa wingi kwenye mwamba ulio karibu. Ikiwa ndivyo, peleka kwenye kikao kijacho pendekezo la kumwongeza katika orodha ya samaki wasioguswa ndani ya mipaka yenu.